Stika ya Mwanjelwa

Tumpe alifika Idodi saa nne asubuhi, boksi la kompyuta mapajani, mgongo wake hautaki tena kusikia habari ya kiti. Jana yake alikuwa ametoka Mbeya kabla ya jua, akaingia Iringa alasiri, akalala Kihesa kwa dada yake, na kabla usingizi haujamkolea akaamshwa awahi gari. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Zamani safari ya namna hiyo aliimaliza akicheka. Siku hizi aliimaliza tu.

Nashoni, mwenyekiti wa kitongoji, alimpokea boksi akaliweka begani.

"Kamwene, fundi."

"Kamwene, mwenyekiti."

"Mama Rozalia ameshuka dunguni muda si mrefu. Usimsalimie kwa maswali marefu. Atakulalia katikati ya jibu."

Tumpe alidhani ni utani, mpaka alipomwona. Rozalia alikuwa amekaa mlangoni kwake, miguu ameinyoosha mbele, macho mekundu kama ya mtu aliyekesha kwenye moshi. Na kweli alikesha kwenye moshi. Nyuma ya nyumba, katikati ya mahindi yaliyoanza kukauka, lilisimama dungu lake: kibanda cha miti juu ya nguzo nne, na chini yake gae la kuchomea pilipili na mavi ya tembo. Kila jioni alipanda humo na debe na rungu. Tembo wakitoka porini na kuanza kuvunja mabua, yeye hupiga debe, hupiga tu, mpaka wageuke. Ilikuwa kazi ya mumewe, Bartolomeo, hadi mwaka jana tembo mmoja alipoegemea nguzo kama mtu anayejikuna, dungu likalala chini na mzee akavunjika nyonga. Mwaka huu dungu lilijengwa upya na aliyepanda ni Rozalia. Jana ulikuwa usiku wake wa arobaini na moja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na kile kitu?"

"Nimekuja nacho."

"Kile kile cha Seni?"

"Kile kile," alisema Tumpe.

Seni alikuwa Msukuma aliyehamia huko na ng'ombe wake akitokea bonde la Usangu, akalima mpunga na mahindi upande wa pili wa mto. Kwake ndiko Tumpe alikoanzia, siku kumi zilizopita. Jumapili iliyofuata, usiku, honi ya kile kitu ililia, Seni akaamka, akapiga debe lake, tembo wakageuka kabla hawajaonja hata bua, na yeye akarudi kulala. Tangu hapo hakuwa na hadithi nyingine.

"Juzi kapita hapa na baiskeli," alisema Rozalia. "Ananiuliza, mama, usingizi huku kwenu mnauza bei gani? Nikamwambia, Seni, Mungu anakuona." Alifumba macho, akayafumbua. "Leo nitalala?"

Tumpe hakuwa mtu wa kutoa ahadi haraka. Wateja wake kule soko la Mwanjelwa, Mbeya, walijua kwamba ukimpa redio ya kutengeneza atakuambia "tutaona", na atasema hivyo hivyo hata akiwa ameshaitengeneza. Lakini aliyatazama yale macho, na mgongo wake ulikuwa umechoka kubishana.

"Leo utalala, mama."

Hapo ndipo alipoona blanketi. Lilikuwa kwenye uzio, limefuliwa, linachuruzika maji. Lilikuwa blanketi la dunguni. Rozalia alikuwa amelishusha asubuhi hiyo hiyo na kulifua, kama mtu anayefunga msimu.

Kazi yenyewe haikuwa ngeni kwa Tumpe. Shule aliachia darasa la saba. Mengine alijifunza kwenye kibanda chake cha sokoni, kwanza kwa redio, kisha simu, kisha kompyuta, akisoma vitabu alivyochapisha mwenyewe kurasa mbilimbili ili kuokoa karatasi. Miaka sita iliyopita alianza kuandika programu. Hii ya tembo aliiandika kwa ajili ya umoja mdogo wa wakulima wa Idodi, baada ya kusoma kwamba tembo husemezana kwa ngurumo nzito, ya chini mno, ambayo sikio la mtu huipata kwa shida. Kipaza sauti kinafungwa juu ya nguzo pembeni mwa shamba, waya unakuja hadi nyumbani, na kompyuta ndogo ya mtumba inayotumia umeme wa jua inasikiliza. Ikisikia ngurumo, inapiga honi.

Kusikiliza huko ni hesabu tupu. Kila dakika ya sauti ni mamilioni ya namba za kuzidisha na kujumlisha. Chipu za miaka ya karibuni, yaani ule ubongo wa kompyuta, zina amri za pekee kwa kazi kama hiyo: badala ya kuzidisha namba moja, kisha nyingine, zinazidisha nane kwa mkupuo, kama mtu aliyekuwa akibeba ndoo moja kichwani akapata mkokoteni. Programu ya Tumpe iliandikwa kwa amri hizo. Kwa Seni ilikwenda kama maji.

Walifunga kipaza sauti kabla ya saa sita. Nashoni alipanda nguzo mwenyewe, kwa koti lake refu, akikataa kulivua. Ndani, Tumpe aliweka kompyuta mezani chini ya picha ya Bikira Maria, akaunganisha waya wa honi, akaandika jina la programu na kubonyeza. Bartolomeo alikuwa amejilaza kwenye kitanda karibu na ukuta, fimbo kifuani, akitazama.

Programu haikuamka. Kwenye kioo ulitokea mstari mmoja, kisha kimya.

Nashoni aliinama akasoma kwa sauti, taratibu, kama anavyosoma barua za wilayani. "Illegal instruction." Alinyooka. "Illegal si kinyume cha sheria, fundi?"

"Ndiyo, lakini hapa..."

"Kitongoji hiki kina kesi mbili barazani tayari. Hatutaki ya tatu."

"Na tembo je," alisema Bartolomeo kutoka kitandani, "wao wataandikiwa kesi lini?"

Tumpe alibonyeza tena. Mstari ule ule.

"Si sheria ya serikali," alisema. "Chipu imepewa amri isiyoijua. Ni kama mimi nikuagize maji kwa Kinyakyusa, mwenyekiti. Hutakataa. Hutaelewa tu."

"Mimi ningeuliza umesema nini."

"Hii haiulizi. Inalala palepale."

"Ina bahati," alisema Rozalia mlangoni.

Tumpe alitoa daftari lake kubwa la mistari. Kila kazi aliyoifanya ilikuwa na orodha humo, yenye namba, na mbele ya kila namba tiki kwa kalamu nyekundu. Alishuka kwa kidole hadi namba saba. *Chipu: i5, kizazi cha nne. Imeonekana.* Tiki tano, kwa kompyuta tano.

Alikaa akilitazama neno lile la mwisho.

Ni kweli ilionekana. Siku alipozinunua kwa Zabron, muuza kompyuta za mtumba vibanda vinne kutoka chake, alizigeuza zote tano mezani na kila moja ilikuwa na stika ya buluu iliyoandikwa i5 pembeni mwa vitufe. Alijaribu moja, ile iliyokuwa juu, akaiuliza yenyewe kwa amri ya kuorodhesha uwezo wa chipu, nayo ikajibu kwamba ni i5 na ina zile amri za pekee. Nne zilizobaki alisoma stika. Kisha alirudi kibandani kwake, akaiambia kompaila, ile programu inayogeuza maandishi yake kuwa lugha ya mashine, itengeneze kwa ajili ya chipu ya namna hiyo tu, itumie amri zake zote za pekee. Ilikuwa jioni, mvua inanyesha juu ya mabati, na zilikuwa zimebaki siku mbili kabla ya safari.

Sasa aliiandika ile amri ya kuuliza. Majibu yalijaza kioo, vifupisho vingi kama orodha ya wajumbe wa mkutano. Alipita kwa kidole mara moja, akapita mara ya pili kutoka chini kwenda juu. Jina la zile amri za pekee halikuwemo. Na jina la chipu halikuwa i5. Ilikuwa chipu ya daraja la chini, ya zamani, ambayo ilitengenezwa kabla amri zile hazijavumbuliwa.

Alitoa zile tatu zilizobaki kwenye boksi, akaziwasha moja moja kwenye betri ya sola. Zote zilijibu vivyo hivyo. Akazipanga mezani, vifuniko wazi, na ndipo alipozitazama stika vizuri kwa mara ya kwanza. Zilikuwa zimepauka kuelekea kijani, na ukingo wake wa fedha haukung'aa.

Ile rangi aliijua.

Mwezi wa tatu, pamoja na vitufe vya kubandika na plastiki za kufunika kioo, kibanda chake kilikuwa kimepokea karatasi za stika kama hizo, kila karatasi stika arobaini. Wino wake ulikuwa umeegemea kijani na wateja walizikataa. Mteja mmoja tu alizichukua zote, akisema ni za kupendezesha. Tumpe alimfungia kwenye mfuko na kumtakia kazi njema. Hakuwa na tabia ya kumuuliza mtu anakwenda kufanya nini na kitu alichokinunua.

"Mtandao unapatikana wapi hapa?" aliuliza.

"Juu ya kichuguu, nyuma ya choo," alisema Nashoni. "Simama upande wa choo. Upande mwingine unakatika."

Alisimama upande wa choo.

"Dada Tumpe," Zabron alipokea haraka, nyuma yake muziki wa duka la jirani. "Za Idodi? Tembo wamekuona?"

"Zile kompyuta nne, Zabron. Ndani si i5."

"Imeandikwa i5, dada."

"Imeandikwa kwa stika."

"Na stika aliniuzia nani?"

Tumpe aliligeukia shamba. Mbele yake mahindi ya Rozalia yalikuwa yamesimama kimya kwenye joto, masuke yameinama, zimebaki wiki mbili tu yavunwe.

"Usinielewe vibaya, dada'angu," Zabron alisema, sauti imeshuka. "Ulisema zinakwenda shambani. Mimi nikajua ni za kuchapa barua za ushirika, na kwa barua hizo zinatosha kabisa. Ungesema ni za tembo ningekutafutia nyingine. Si nilikuwekea ile ya kweli juu?"

"Uliiweka juu ili niijaribu."

"Kila mteja hujaribu ya juu. Wewe si mgeni wa soko hili."

Alitafuta hasira ndani yake akaikuta imechoka kama yeye. Isitoshe, alichosema Zabron kilikuwa kweli nusu, na nusu hiyo ilikuwa yake mwenyewe.

"Nikirudi tutaongea."

"Nitakubadilishia, dada. Hata wiki ijayo."

"Nikirudi. Leo kuna mtu anataka kulala."

Alirudi ndani. Saa saba ilikuwa inakaribia, na jioni, jua likizama, mtu angepaswa kuwa dunguni. Kompyuta yake mwenyewe alikuwa ameiacha Mbeya kwa mdogo wake, Pendo, aliyekuwa akichapa mitihani ya shule. Lakini kwenye flashi yake, kwa mazoea tu, alikuwa amebeba maandishi yote ya programu. Basi ingegeuzwa upya hapa hapa, kwenye mashine ile ile iliyolala.

Alijaribu. Kompaila ya humo ilikuwa ya mfumo wa zamani, mwepesi, ambao Tumpe aliupenda kwa kuwa haukula umeme mwingi. Nayo ilikataa. Majina ya zile amri haikuyajua. Iliyataja moja moja, na mbele ya kila moja ikaandika kosa.

"Na hii nayo inasemaje?" aliuliza Nashoni.

"Hii inasema haijawahi kuzisikia."

"Kwa hiyo mwalimu hajui na mwanafunzi hajui."

"Ndiyo. Na mimi sikumuuliza hata mmoja."

Aliandika kwenye daftari, pole pole, kwa mwandiko wa kusomeka, maana alijifunza zamani kwamba mtu aliyechoka akiandika vibaya hukosea mara mbili. Maswali mawili. La kwanza ni kwa kompaila: unazijua amri hizi? Kama inazijua, izitie; kama haizijui, iziruke bila ugomvi, itengeneze njia ndefu peke yake. La pili ni kwa chipu, kila programu inapoamka, kabla ya kazi yoyote: unazo? Kama inazo, ipite njia fupi, nane kwa mkupuo. Kama haina, ipite njia ndefu, moja moja, kwa miguu. Hata hilo swali la pili lilihitaji uangalifu, kwa sababu jina la mkato la kuiuliza chipu, alilolizoea Mbeya, kompaila hii haikulijua pia. Ikabidi programu ifungue faili ambamo mfumo wenyewe huandika uwezo wa chipu, isome neno kwa neno kama mtu anayetafuta jina lake kwenye ubao wa matokeo.

Rozalia alileta boga la kuchemsha na chai. Aliweka sahani mezani, akakaa na kikombe chake mwenyewe, na alipokuwa anaeleza jinsi boga lile lilivyosalimika, maana tembo huyapenda kuliko mahindi, sentensi ikamwishia mdomoni. Kikombe kilianza kuinama. Bartolomeo alinyoosha fimbo kutoka kitandani, akakigusa kikombe kwa ncha, kikasimama. Alifanya hivyo bila kutazama, kama mtu aliyelifanya mara nyingi.

"Usiku anafanyaje?" Tumpe alinong'ona.

"Usiku halali," alisema mzee. "Usiku anaogopa. Mchana ndiyo anadondoka. Juzi kadondokea kwenye rozari. Nimemaliza mafungu mawili peke yangu nikidhani tunaitikizana."

Saa tisa programu ikakubali kutengenezwa. Tumpe aliiwasha. Iliuliza, ikajibiwa haina, ikaingia njia ndefu, na haikulala. Nashoni alipiga kofi moja, kisha akaona uso wa fundi na kuacha.

"Inafanya kazi, si ndiyo?"

"Inafanya. Lakini dakika moja ya sauti inaichambua kwa sekunde themanini na tatu."

"Zaidi ya dakika."

"Zaidi ya dakika. Kwa hiyo kila dakika inachelewa. Tembo wa saa mbili itamtangaza karibu saa tatu, akiwa ameshakula."

Alitoka nje akasimama kwenye kivuli cha ukuta. Aliwaza kwenda kwa Seni na kuchukua ile kompyuta ya kweli, akalifukuza wazo hilo. Huwezi kumlaza mmoja kwa kumwamsha mwingine. Blanketi kwenye uzio lilikuwa limeacha kuchuruzika. Akasikiliza. Kulikuwa na panzi kwenye nyasi, ndege, mtoto akiita mbuzi kwa mbali, jembe likigonga jiwe. Yote hayo kipaza sauti chake kiliyasikia na programu yake iliyachambua kwa bidii, yote, na hakuna hata moja lililokuwa tembo.

Alirudi mezani. Ngurumo ya tembo iko chini kabisa. Sauti nyembamba hazikuhusika, isipokuwa ule mlio wa mabua yakivunjika ambao alikuwa ameutia kama ushahidi wa pili, kwa kujivunia kidogo. Akauondoa. Akaichuja sauti, akazikusanya namba nane nane kuwa moja kabla ya hesabu yoyote. Kwa kuwa chipu haikuweza kubeba mzigo, alipunguza mzigo. Sekunde thelathini na tisa.

Kisha akafanya alilopaswa kulifanya Mbeya. Kwenye flashi alikuwa na sauti ya Jumapili ya Seni, saa nzima, tembo wenyewe. Aliilisha mashine sauti hiyo. Kwa Seni, kwa njia fupi, ngurumo tano zilisikika. Hapa, honi ya mezani ililia mara nne. Rozalia aliruka kwenye kigoda, mkono unatafuta rungu hewani.

"Ni majaribio, mama. Kaa."

Aliirudia. Nne. Iliyokosekana ni ile ya kwanza, ya mbali, tembo alipokuwa bado ng'ambo ya korongo.

Ilikuwa saa kumi na moja na nusu. Tumpe alifunga kalamu yake. Angeweza kusema imekwisha, na wote mle ndani walikuwa wanangoja aseme.

"Mama, sikia kabla hujafurahi. Asubuhi nilikuambia ni kile kile cha Seni. Si kile kile. Hii ubongo wake ni wa zamani, na nimeipunguzia kazi ili iweze. Tembo wa mbali haimsikii. Itamsikia akiwa amekaribia."

"Amekaribia wapi?"

"Kwa hesabu yangu, tangu ilie mpaka afike mahindini, utapata dakika sita. Seni anapata kumi na zaidi."

"Mimi juu kule," alisema Rozalia, "nikisikia bua linavunjika, tembo yuko hatua ishirini. Dakika sita nitavaa hata viatu."

"Na kuna lingine." Tumpe aligeuza kompyuta, akamwonyesha ile stika. "Hii inadai ndani kuna kitu ambacho hakimo. Mimi niliiamini nisiulize. Na aliyeiuza stika yenyewe sokoni ni mimi. Sikujua itabandikwa wapi, lakini nilijua stika hubandikwa."

Nashoni alitazama koti lake. Rozalia aliisogelea stika, akaigusa kwa kidole kilichokauka kwa moshi, kama anayepima iwapo kuku ana nyama.

"Mwaka juzi nilimuuza jogoo mnadani," alisema. "Mgonjwa. Nilimpaka mafuta kwenye upanga wake wa kichwani ukawa mwekundu. Aliyemnunua ni mama mmoja mjamzito, na mpaka leo nikimwona nabadilisha njia." Alirudi kwenye kigoda. "Kula boga lako, limepoa."

Tumpe alikula. Lilikuwa limepoa kweli. Alipomaliza aliiweka sahani chini.

"Haijakesha hata usiku mmoja, mama. Nimeiuliza kwa sauti ya shamba la mtu mwingine. Siwezi kukuambia lala, halafu kesho nikaandika imeulizwa kumbe haijaulizwa."

Uso wa Rozalia haukubadilika. Alianza tu kuinuka, mkono kwenye fremu ya mlango, kuelekea blanketi, kama mtu aliyejua tangu asubuhi kwamba ndivyo itakavyokuwa.

"Hapana," alisema Tumpe. "Kaa. Leo napanda mimi. Wakija na honi ikalia, nitajua inasikia. Wakija na honi isilie, debe ninalo."

"Wewe hujui kupiga debe."

"Nitapiga kwa makosa. Tembo hawatajua."

"Mgeni hawezi kupanda peke yake," alisema Nashoni. "Watu watasema."

"Watasema zaidi mkipanda wawili," alisema Bartolomeo.

Ikakubaliwa kwamba mwenyekiti atakuwa kwenye dungu lake mwenyewe, shamba la jirani, umbali wa kuitana, na kwamba wataitana kila saa. Rozalia alimwonyesha Tumpe namna ya kushika rungu, si katikati, mwishoni. Na upande wa debe uliobonyea, wenye kelele zaidi. Na wapi pa kumimina pilipili na wapi pa kukaa moshi usimwendee machoni, ingawa, alisema, utamwendea tu.

Kabla ya kutoka Tumpe alifungua daftari. Alikata ile namba saba kwa mstari mmoja, akaandika pembeni: *Imeulizwa. Haina. Inapita njia ndefu.* Akaibandua stika kwa ukucha, ikatoka nzima bila ubishi, akaibandika mbele ya maneno yale. Zile tatu za kwenye boksi aliziacha hadi asubuhi.

Blanketi lilikuwa na unyevunyevu kwenye mapindo. Alilitupia begani na kupanda ngazi ya dungu, debe likigonga kila mti. Juu, mgongo wake ulikuta mahali ambapo Rozalia alikuwa amechimba nafasi yake kwenye nyasi kwa siku arobaini na moja. Ulikuwa mgongo mfupi kuliko wake. Jua lilikuwa bado na ukingo juu ya vilima. Kutoka upande wa pili Nashoni alikohoa kumjulisha kwamba amefika.

Chini, mlango wa nyumba ulikuwa wazi. Taa ndogo ya kompyuta ilikuwa inawaka na kuzima mezani, ikisikiliza. Na kabla giza halijashika, kabla hata kuku hawajamaliza kugombania mahali pa kulala, Tumpe alisikia mkoromo mnene, wa haki, ukitoka ndani, na juu yake sauti ya mzee ikisali rozari peke yake, ikiitika pande zote mbili.